Katungu na Kura za California

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Waulize wauguzi wenzangu wodini, watakuambia kwamba Jerotich akisema "si mbaya," basi umefanya kazi ya kupigiwa makofi. Lakini nikifika kwa Katungu wa Doonside, hapa magharibi ya Sydney, breki zinakatika. Huyu mama nitamsifu mpaka mchoke, na mkichoka mtapumzika kidogo, kisha nitaendelea.

Katungu ni Mkongomani wa Butembo, na ni jirani yangu. Uwanja wake na wangu umetenganishwa na ua wa mbao uliopinda, ambao mwenye nyumba ameahidi kuutengeneza tangu siku niliyohamia. Alifika Sydney na binti zake wawili, Ornella na Bénie, baada ya miaka mingi ya kambini Uganda. Mumewe alikuwa ameshafariki. Kazi aliyoipata ni ya kutunza wazee huko Granville: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani na kuwasikiliza wakisimulia hadithi ileile kila asubuhi. Vibibi vya Kizungu pale vinamwita Kat. Yeye anaviita vyote "mémé," yaani bibi kwa Kifaransa, na hakuna anayelalamika.

Nilipomfahamu alikuwa na nia moja tu, nayo ni kuwa muuguzi. Si kwa sababu kazi ya kutunza wazee ni ya chini, maana ukisema hivyo mbele yake mtakosana. Alichoka kuwa mtu wa kwanza kuona kwamba mzee amebadilika rangi, halafu aambiwe asubiri mwenye cheti aje kusema jambo lilelile. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi kwa sharti moja: amalize kozi ya maandalizi ya watu wazima, kwa kuwa vyeti vyake vya shule vilibaki kwenye vita. Hesabu alifaulu. Biolojia alifaulu, tena kwa alama ambazo mimi sikuwahi kuziona nikiwa Eldoret. Likabaki somo la historia na jamii, na ndani yake kulikuwa na hotuba, asimame mbele ya darasa aeleze jambo kwa Kiingereza. Akianguka hapo, nafasi anapewa mwingine.

Mwalimu wao aliitwa Gwen. Aliwahi kuishi Marekani akiwa kijana, na aliamini kwamba mtu haelewi kura ya kwao mpaka aangalie kura ya kwa wenzake. Basi kila mwanafunzi akapewa jimbo moja la Marekani na uchaguzi mmoja wa rais wa mwanzoni mwa karne iliyopita, aeleze matokeo. Katungu akaangukia California, mwaka 1912.

"California na miye, wapi na wapi?" aliniuliza kupitia ua. Nikamwambia hata mimi sijui, asome tu.

Ilikuwa mwaka 2021, ile lockdown ndefu ya pili. Sisi wa magharibi ya jiji tulifungiwa kuliko wengine, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya paa zetu, huku kwenye televisheni tukiwaona wenzetu wa ufukweni wakipunga upepo na mbwa wao. Sisi tuliokuwa tukiamka alfajiri kwenda kuwahudumia wagonjwa wa jiji zima ndio tulioonekana wakaidi. Hayo nimeshayasema, turudi kwa Katungu.

Serikali iliruhusu mtu anayeishi peke yake achague mgeni mmoja tu wa kumtembelea nyumbani. Mimi naishi peke yangu. Nikafanya uchaguzi wangu, mgombea akawa mmoja, na Katungu akapita bila kupingwa. Ndivyo alivyokuja kufanya mazoezi ya hotuba jikoni kwangu Jumamosi moja mchana, siku tatu kabla ya hotuba yenyewe. Alivaa kitenge, akafunga kilemba, akasimama karibu na friji kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Good afternoon everybody," alianza. "In California, in 1912, only thirteen people voted."

Nilidhani masikio yangu yamechoka kwa shift ya usiku. Nikainua mkono.

"Ati watu wangapi, Mama Ornella?"

"Kumi na tatu."

"California nzima?"

"California yote. Kumi na moja balichagua Roosevelt, bawili balichagua Wilson. Iko pale kwa karatasi ya Gwen, angalia weye mwenyewe."

Nikaangalia. Ilikuwa ramani ya Marekani, na juu ya California pameandikwa kumi na moja na mbili, na kichwa cha ramani kinasema "Electors." Basi nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Katungu hakucheka hata kidogo.

"Dada Jerotich, unacheka nini? Elector ni électeur, mupiga kura. Kwetu kila mutu mukubwa iko na carte d'électeur, njo kitambulisho chake, anatembea nayo kila pahali. Hata hapa nilipokuwa raia baliniandikia 'Dear Elector.' Weye si elector?"

Nilikuwa elector, tena wa miaka mingi, na barua kama hiyo nilikuwa nayo kwenye droo.

Halafu akanieleza, kwa utulivu kabisa, kwa nini watu kumi na watatu hawakumshangaza. Desemba 2018 Kongo ilipiga kura ya rais. Siku chache kabla, ilitangazwa kwamba Butembo na Beni watangoja mpaka Machi kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Rais akaapishwa Januari. Watu wa kwao walikuwa na kadi mfukoni, wametimiza kila walichoambiwa, na hesabu ya rais ikafungwa bila wao. Beni watu walijipangia vituo vyao wenyewe, wakanawa mikono kwa zamu, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa na yeyote.

"Sasa miye nikisoma batu kumi na tatu, nilisema, ah, kumbe na California ilikuwa hivi. Kulikuwa na ugonjwa, ama kulikuwa na kisingizio. Tena angalia: president mwenyewe, ule alikuwa kwa kiti, jina yake haikuwa hata kwa karatasi ya kura ya California! Nimesoma. Kama banaondoa jina ya president, mwananchi wa kawaida batamuacha?"

Hilo la rais lilikuwa kweli, nililihakikisha baadaye. Wakubwa wa chama chake huko California walimkata, wakampa Roosevelt nafasi yake. Hoja ya Katungu ilijengwa vizuri sana, tofali juu ya tofali, ila msingi wake ulikuwa neno moja la Kifaransa lililovaa nguo za Kiingereza.

Nikachukua simu, nikatafuta, nikamwonyesha. Wapiga kura wa California mwaka ule walikuwa zaidi ya laki sita. Alisoma ile namba mara mbili, akaketi polepole.

"Basi hao kumi na tatu ni banani?"

Sikujua. Mimi, raia, muuguzi, msomaji wa magazeti, sikujua. Tukainama wote wawili juu ya ile simu kama watu wanaotafuta sindano, tukasoma kwamba Marekani mwananchi hachagui rais moja kwa moja. Kila jimbo linachagua wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaomchagua rais. Mimi nilikuwa bado nakunja uso wakati Katungu alipopiga meza kwa kiganja.

"Kumbe ni ba grands électeurs!"

"Ba nani?"

"Kwetu gouverneur wa province, hatumuchagui sisi. Tunachagua badéputé ba province, na bao njo banachagua gouverneur. Banaitwa grands électeurs. Siku hizo hata salamu hawakupi, banatembea kifua mbele. Njo hao! Kumi na tatu ni hao!"

Tulicheka sasa wote. Lakini kicheko chake kilikatika katikati. Alitazama kurasa zake mezani. Alikuwa ameandika ile hotuba kwenye treni kati ya Doonside na Granville, barakoa usoni, Kiingereza chake akikipima neno kwa neno, na kila sentensi ilikuwa inaeleza kwa nini California watu kumi na watatu tu walipiga kura. Hakukuwa na hata moja ya kuokoa.

"Naacha," akasema. "Nitamuandikia Gwen aniondoe. Miye ni mutu wa kuosha bazee, nilikuwa natafuta nini kwa California?"

Akakusanya kurasa zake, akaondoka. Niliumia. Nilitaka kumkimbilia, lakini Katungu akishakasirika ni vizuri kumwacha apoe, kama sufuria ya ugali iliyotolewa motoni.

Jumapili mchana, baada ya ibada ya kwenye Zoom, nikasikia ua unagongwa. Nikatoka. Alikuwa upande wake, bado na nguo za kanisani, macho yanawaka.

"Mia moja sabini na ine!" akasema.

"Nini hiyo?"

"Roosevelt alipita Wilson kwa kura mia moja sabini na ine. Kwa batu laki sita! Unasikia, dada? Na banamuke ba California balikuwa banachagua president mara ya kwanza kabisa. Balipewa haki mwaka 1911 tu. Sasa ondoa banamuke mia mbili ndani, uone."

Nikamwambia vizuri sana, sasa ana hotuba mpya, arekebishe namba na asiseme neno lolote juu ya kosa lake. Sisi Wakenya tukikosea tunanyoosha koti tunaendelea, hakuna haja ya kujivua nguo hadharani. Yeye akatikisa kichwa.

"Hapana. Nitaanza na kosa."

"Mama Ornella, wanakupa alama, hawakupi sakramenti ya kitubio."

"Nitaanza na kosa," akarudia. "Bila kosa, hotuba yangu ni kama ya mutu mwingine yeyote."

Tulibishana pale uani mpaka Bénie akatoka kumwita mama yake. Mimi nilikuwa na hofu ya kweli. Nafasi ya chuo ilikuwa inaning'inia juu ya dakika kumi za Kiingereza, naye anataka kuzitumia kueleza kwamba hakuelewa swali. Lakini ni yeye aliyekuwa anapiga hiyo kura, si mimi.

Jumanne alikuja kwangu, kwa sababu intaneti yake ilikuwa inakatika Ornella na Bénie wakiwa darasani mtandaoni. Tukaweka laptop juu ya chungu kilichogeuzwa ili kamera imfikie usoni. Mimi niliketi sakafuni pembeni ya meza, mahali ambapo hakuna aliyeniona, nimeshika glasi yake ya maji kama msaidizi wa bondia. Wanafunzi waliomtangulia wakasema yao: Ohio, Texas, asilimia hivi na asilimia vile. Kisha Gwen akamwita.

Nawaandikia kwa Kiswahili alichokisema kwa Kiingereza, na Kiingereza chake siku ile kilikuwa kimenyooka.

Alisema: "Mimi nilisoma karatasi ya mwalimu nikaamini kwamba California nzima watu kumi na watatu walipiga kura." Kwenye skrini watu wawili watatu walitabasamu. Akawaacha watabasamu. Kisha akawaeleza neno électeur, na kadi ya kwao, na mwezi Desemba wa 2018, na ugonjwa. Yale matabasamu yakatoweka moja baada ya jingine. Akasema hapa New South Wales pia uchaguzi wa mabaraza umesogezwa kwa sababu ya ugonjwa, na huo utakuwa uchaguzi wake wa kwanza akiwa raia. Lakini hapa, akasema, umesogezwa kwa wote, na hakuna mtaa ulioambiwa matokeo yatatoka bila nyinyi.

Ndipo akaingia California kwa miguu yote miwili. Akaeleza wanawake waliopiga kura ya rais kwa mara ya kwanza. Akaeleza ile tofauti ya kura mia moja sabini na nne. Akaeleza kwamba mpiga kura alikuwa anaweka alama kwenye jina la kila mjumbe, mmoja mmoja, kwa hiyo wengine walipata alama nyingi na wengine chache, na ndiyo sababu Wilson aliambulia wajumbe wawili katika jimbo aliloshindwa. Akasema pia kwamba Wachina waliohamia California kutoka China, na waliokuwa wameishi na kufanya kazi huko miaka mingi, hawakuruhusiwa kuwa raia, kwa hiyo hawamo katika laki zile sita. "Matokeo," akasema, "yanakuambia nani ameshinda. Ukitaka kujua nani hakuulizwa, itabidi utafute mwenyewe."

Nilitaka kupiga makofi pale sakafuni. Nikauma barakoa.

Gwen akauliza kama kuna maswali. Kijana mmoja akafungua kipaza sauti, akauliza kwa adabu kabisa: kura mia moja sabini na nne kati ya laki sita, si ni kitu kidogo tu cha bahati? Kwa nini kukitazama sana?

Katungu hakuwa ameliandaa jibu la hilo. Niliona mikono yake chini ya meza, vidole vimeshikana.

"Avenue yetu Butembo," akasema, "kutoka duka la dawa mpaka parokia, wanawake peke yao ni zaidi ya mia moja sabini na nne. Mama yangu ni mmoja wao. Asubuhi ile ya kura alivaa kitenge chake cha Krismasi, ingawa alikuwa ameshasikia kwamba hawatapiga. Alikaa mlangoni. Majirani walimuuliza, mama, umevaa unakwenda wapi? Akasema, nimevaa ili wakikumbuka kwamba tupo, wanikute tayari. Alikaa mpaka jua likashuka. Avenue moja, ndugu yangu. California ya 1912, avenue ya mama yangu ingebadilisha mshindi. Kwa hiyo mimi sijui kitu kinachoitwa kura chache."

Kijana yule akasema "thank you" mara mbili. Gwen alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi glasi ya maji niliinywa yote mwenyewe.

Alipozima laptop aliniuliza kama aliongea haraka mno. Nikamkumbatia. Nilijivuna siku ile kuliko siku niliyopokea cheti changu mwenyewe, na nasema hivyo bila aibu. Watu wengi wamesoma kuliko Katungu, mimi nikiwemo. Lakini sijawahi kumwona mtu akilishika kosa lake hadharani, akaligeuza huku na huku, akaonyesha kwamba ndani yake mna jambo la kweli.

Majibu yalichelewa. Alirudi Granville kwa wazee wake, akaendelea kuchokonolewa pua kwa kijiti cha kipimo kila anapoingia kazini, na akakataa kabisa tuongelee jambo hilo. Nikimgusia tu ananiambia sukumawiki zangu zinakauka. Nilijua halali vizuri, maana taa yake niliiona.

Kisha asubuhi moja, nikiwa naanika nguo, nikasikia kigelegele. Si cha kujizuia, ni kile cha arusini, kinachopanda na kukaa juu. Kilitoka uwani kwake, kikazunguka nyumba, kikafika barabarani. Nikakimbilia mbele na kibanio mdomoni. Katungu alikuwa katikati ya njia, peku, simu imeinuliwa juu, na nyuma yake Ornella na Bénie wakipiga kelele, "Mum! Mum, you passed! You got the place!" Mtaa wetu ulikuwa haujasikia furaha tangu majira ya baridi yaanze. Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine, watu wakatoka barazani na barakoa zao na pajama zao, wakafikiri labda lockdown imekwisha.

Mimi nikaingia na kigelegele changu cha Kikalenjin, ambacho si kizuri lakini kina nguvu. Ng'ambo ya barabara, mzee Ernesto, jirani yetu Mfilipino asiyesikia vizuri, akashika ukuta wa baraza lake na kutupigia kelele akiuliza kuna nini.

"She won!" nikamjibu.

"Won what?"

Katungu akashusha barakoa kidevuni ili mzee asome midomo yake. Kilemba kilikuwa kimelegea, machozi yanamtiririka, kichwa amekiinua kama mtu anayeimbiwa wimbo wa taifa.

"California!" akasema.